Mtoto Mwembamba, Damu Yenye Mafuta

Mama amekaa kwenye benchi nje ya maabara, karatasi ya majibu mkononi. Aliyepimwa ni mwanawe wa miaka tisa, mtoto mwembamba ambaye kaptula ya shule humvuka asipofunga mkanda. Daktari aliandika kipimo cha mafuta kwa sababu baba wa mtoto alifariki kwa moyo akiwa na miaka 41. Kwenye mstari wa LDL pameandikwa 5.4, na pembeni pana alama ya nyota. Mama anarudi dirishani kuuliza kama chupa za damu hazikubadilishwa.

Majibu ya namna hii yakifika kwenye familia, husemwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba maabara imekosea, maana mafuta kwenye damu ni maradhi ya watu wanene, wazee na wenye fedha. La pili huja jioni nyumbani, ndugu wanapoanza kuulizana nani anampa mtoto chipsi. Bibi analaumiwa kwa samli, mama kwa maandazi ya asubuhi, na mtoto ananyang'anywa yai. Naandika makala haya kwa sababu mara nyingi maabara haijakosea na bibi hana hatia. Iko kolesteroli inayoingia kwa mdomo, na iko inayotoka kwenye ukoo. Hii ya pili huua watu wakiwa bado wana watoto wadogo wa kulea, na sisi hatuipimi.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, si sumu. Kila seli ya mwili inaihitaji kujengea ukuta wake, na homoni kadhaa hutengenezwa kutokana nayo. Sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyo nayo mwili huitengeneza wenyewe, ini likiwa kiwanda kikuu. Chakula huongeza kidogo. Kwa kuwa mafuta na maji havipatani, ini huyafunga mafuta hayo katika vifurushi vidogo vyenye protini ili damu iweze kuyabeba. Kifurushi kiitwacho LDL ndicho chenye shehena kubwa ya kolesteroli. Kikizunguka mno bila kupokewa, hupenya ukuta wa ateri na kujikusanya humo mwaka baada ya mwaka.

Sasa fikiria bandari. Meli inakuja, inafunga gati, inashusha mzigo. Ini nalo lina magati yake. Ni vipokezi vilivyokaa juu ya seli zake, ambavyo hukamata vifurushi vya LDL na kuviingiza ndani vikavunjwe. Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua vipokezi hivyo mjini Dallas, Marekani, katika miaka ya 1970, wakichunguza seli za ngozi za wagonjwa wenye kolesteroli ya juu kupita kiasi. Mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kila mtoto huzaliwa na nakala mbili za jeni inayotengeneza vipokezi hivi, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa na kasoro, ini hubaki na takriban nusu ya magati yanayofanya kazi, na meli zinapanga foleni nje. Ile 5.4 kwenye karatasi ya yule mama ni foleni hiyo. Wembamba wa mtoto hauhusiki hapo hata kidogo.

Madaktari huita hali hii haipakolesterolemia ya kifamilia. Mimi nitaiita kolesteroli ya ukoo. Mara nyingi kasoro iko kwenye jeni ya vipokezi vyenyewe, na hadi sasa zimeorodheshwa kasoro tofauti zaidi ya 2,000 katika jeni hiyo moja. Mara chache tatizo liko kwenye ile protini ambayo LDL hujishikizia nayo, kama meli iliyofika gatini bila kamba ya kujifungia. Mara chache zaidi liko kwenye protini nyingine, PCSK9, ambayo kazi yake ni kuvunja magati, na ikizidi bidii huyavunja mapema mno. Njia ya kurithi ni ileile: mzazi mwenye nakala moja mbovu, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu. Kila mimba ni shilingi inayorushwa upya. Watatu wa kwanza kuwa salama hakumkingi wa nne, na mtoto wa kike huipata sawa na wa kiume.

Je, ni tatizo la wachache mno kiasi cha kutotusumbua? Duniani, kasoro ya nakala moja inakadiriwa kuwa kwa mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 huenda ina watatu au wanne. Kwenye jamii zilizotokana na mababu wachache idadi hupanda. Kwa Waafrikana wa Afrika Kusini ni karibu mtu 1 kati ya 80, kwa sababu baadhi ya walowezi wa mwanzo waliibeba wakaizalisha kwa vizazi vyao.

Najua watakaosema hayo ni ya Wazungu. Hoja hiyo ina historia hapahapa kwetu. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wao kutoka Uganda, wakiwalinganisha Waafrika na Waasia walioishi nchi moja. Waafrika walikuwa na kolesteroli ya chini na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu kwao. Kwa Waasia vyote viwili vilikuwa juu. Miaka michache baadaye daktari Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli. Kosa ni somo tuliloondoka nalo, kwamba Mwafrika ana kinga. Wastani wa kabila ni habari ya umati. Haumkingi mtoto mmoja aliyezaliwa na nusu ya magati. Tena wastani wa Wamasai ulipimwa kwa watu waliokuwa wakitembea siku nzima nyuma ya ng'ombe. Mjukuu wao leo anapanda bajaji kwenda shule na kurudi.

Ukweli wenye kupendeza zaidi ni kwamba urithi huelekea pande zote mbili. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, nao wa Dallas, walikuta kwamba Wamarekani weusi kiasi cha asilimia 2.6 walikuwa wamezaliwa na PCSK9 iliyolemaa, yaani kile kivunja magati kilikuwa hakifanyi kazi sawasawa. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2006, hatari yao ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Asilimia 28 tu ya LDL, lakini tangu siku ya kuzaliwa. Mwaka uliofuata iliripotiwa habari ya msichana wa Zimbabwe aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa kama 0.4, na alikuwa mzima wa afya. Mbele ya kolesteroli, kinachohesabika ni kiwango na miaka. Mtoto mwenye 5.4 akiwa na miaka tisa ameshaibeba kwa miaka tisa, na ateri zake hazikuwa zikingoja afikishe hamsini.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakifanyiki maabara. Kinafanyika kwenye mkeka, kwa kuwauliza wazee. Na hapa ndipo naomba utulie nami, kwa sababu hapa ndipo tunapoteza watoto wengi.

Sisi ni hodari wa kuzika na wagumu wa kuulizia. Msibani tunajua idadi ya magari yaliyotoka mkoani, lakini sababu ya kifo hubaki kwenye maneno ya jumla: alianguka bafuni, presha ilipanda, alilala hakuamka, moyo ulisimama, alitupiwa kitu. Kila neno kati ya hayo linaweza kuwa limeficha shambulio la moyo. Si kwamba huficha siku zote, kwani mtu huweza kufa ghafla kwa mambo mengi, lakini vifo vya ghafla vitatu vya watu wa makamo katika ukoo mmoja ni habari inayotaka daktari kabla ya kutaka mganga. Nimesikia koo zikisema "wanaume wa kwetu hawazeeki" kama watu wanaotaja desturi. Ukoo wa namna hiyo ndio wa kwanza kupimiwa watoto.

Chukua daftari. Andika jina la mtoto chini, juu yake wazazi, juu yao babu na bibi wa pande zote mbili, kisha ndugu wa kila mmoja. Mbele ya kila jina andika umri alionao au aliofia, na alikuwa akiumwa nini. Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni mwanamume aliyepata maradhi ya mishipa ya moyo, au kufa ghafla, kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60. La pili ni yeyote aliye hai anayekunywa dawa ya kolesteroli, hata kama anaiita "dawa ya kusafisha mishipa". La tatu ni yeyote mwenye vinundu vigumu nyuma ya kisigino au juu ya vifundo vya vidole. Usisahau upande wa mama. Watu husimulia vifo vya ukoo wa baba, na wanawake hubeba jeni hii kwa miaka mingi kabla moyo haujalalamika, hivyo bibi aliyefika 70 huenda ndiye aliyeirithisha.

Uliza kwa adabu inayotufaa. Shangazi haulizwi kwenye simu ya haraka, "Baba mkubwa alikufa na nini?" Mwambie kwanza unauliza kwa ajili ya nani: "Shangazi, shikamoo. Daktari wa mtoto ametaka kujua habari za wazee wetu waliotangulia, na wewe ndiye uliyewauguza." Akisikia kwamba kumbukumbu yake ni dawa ya mjukuu, atakueleza mpaka rangi ya shuka. Na kama mzee alikuwa na watoto kwa wake wawili au zaidi, watoto wote hao wanahusika. Magomvi ya nyumba kubwa na nyumba ndogo hayajawahi kuuzuia urithi kupita.

Baada ya daftari, mwangalie mtoto mwenyewe. Wengi wenye nakala moja mbovu hawaonyeshi kitu chochote utotoni. Wanacheza mpira, wanakua, wanafaulu. Wenye nakala mbili mbovu huonekana, na wasomaji wenye macho ya kuangalia wanaweza kuokoa maisha hapa. Mtoto wa miaka mitano huota vipele bapa vya rangi ya manjano au ya chungwa kwenye magoti, viwiko, makalio, na katikati ya vidole vya mikono. Haviwashi, havina usaha. Ukiminya kano iliyo juu ya kisigino unasikia ni nene, ina vinundu chini ya ngozi kama punje za mahindi. Pembeni mwa weusi wa jicho huweza kutokea duara jeupe, kama lile tulilolizoea kwa wazee. Mtoto wa namna hii huzungushwa kwenye marhamu za ngozi, huchanjwa, hukatwa vinundu na vikaota tena, huku LDL yake iko juu ya 13. Bila matibabu anaweza kupata shambulio la moyo kabla ya kumaliza sekondari. Ni wachache, pengine mmoja kati ya mamia ya maelfu, lakini huongezeka pale ndugu wanapooana. Watoto wa kaka na dada wakioana, kwetu pwani kama ilivyo Oman na nchi nyingine za Ghuba, wanaweza wote wawili kuwa wamepokea nakala mbovu ya babu mmoja. Hapo kila mimba ina nafasi ya robo ya kupata nakala mbili. Sisemi watu wasioane. Nasema waliokwisha kupangiana wapime kolesteroli zao kabla ya posa, kipimo cha siku moja.

Na kupima mtoto je? Akiwa na ndugu wa damu mwenye moja kati ya mambo yale matatu ya kwenye daftari, hakuna sababu ya kungoja akue. Anaweza kupimwa kuanzia miaka miwili. Slovenia hupima watoto wake wote wanapofika miaka mitano, kabla ya kuanza shule, na imefanya hivyo tangu 1995. Wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2011 kila mtoto apimwe mara moja kati ya miaka 9 na 11. Sisi hatujafika huko, lakini aliye na daftari la ukoo lenye alama hahitaji kungoja serikali.

Omba kipimo cha mafuta chenye mistari minne: kolesteroli yote, LDL, HDL na trigliseridi, ambazo ni mafuta ya aina nyingine. Ukipewa kolesteroli yote peke yake, hujui kama iliyopanda ni LDL mbaya au HDL njema. Kwa mara ya kwanza si lazima mtoto alale na njaa. Trigliseridi zikiwa juu ndipo utarudi asubuhi nyingine hajala. Usimpime akiwa ametoka kwenye malaria, nimonia au homa yoyote kubwa. Maradhi hayo hushusha kolesteroli na kupandisha trigliseridi, na karatasi itakudanganya. Mpe angalau mwezi. Angalia pia vipimo vimeandikwa kwa milimoli au miligramu, maana maabara zetu hutumia vyote: kwa kolesteroli, 1 ya milimoli ni karibu 39 za miligramu, kwa hiyo 5.4 na 209 ni kitu kimoja.

Kwa mtoto, LDL chini ya 2.8 ni nzuri, na 3.4 kwenda juu ni kubwa. Ikifika 4.9 hata kama huna habari yoyote ya ukoo, au 4.1 ukiwa nayo, kolesteroli ya ukoo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Usihukumu kwa karatasi moja. Kipimo hurudiwa baada ya wiki chache, na kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa wa maisha, daktari huangalia tezi ya shingo, figo, ini na sukari, kwa kuwa tezi iliyolegea au figo zinazovuja protini, zile zinazomvimbisha mtoto uso asubuhi, hupandisha kolesteroli vilevile. Dawa nazo, kama vile steroidi na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, zina mkono. Kipimo cha jeni chenyewe ni kizuri kukipata, lakini hakipatikani kila mahali na usikifanye kisingizio. Daftari la ukoo na LDL mbili vinatosha kuanza kazi.

Niseme neno kuhusu trigliseridi, maana watu huzichanganya. Zikipanda kidogo kwa mtoto, mara nyingi ni soda, juisi za pakiti, unene na kukaa kitako, juu ya mwelekeo wa kurithi. Lakini wapo watoto wachache wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuvunja mafuta ya chakula damuni. Damu yao ikiachwa ndani ya chupa usiku kucha, asubuhi unaikuta imejitenga: chini nyekundu, juu nyeupe nzito kama tui la kwanza. Mtoto huyu hulia tumbo mara kwa mara, hutapika, na huweza kupata uvimbe wa kongosho unaoua. Tiba yake kubwa ni chakula chenye mafuta machache mno ya aina yoyote, chini ya daktari na mtaalamu wa lishe. Mhudumu wa maabara akikuambia "damu ya mtoto wako ina maziwa", usicheke na usimrudishe nyumbani.

Turudi jikoni, kwa kuwa huko ndiko ndugu walikoanzia ugomvi. Chakula kina kazi yake, ila ujue mpaka wake. Kwa mwenye kolesteroli ya ukoo, mlo mzuri ukishikwa vizuri hushusha LDL kwa asilimia 10 au 15. Ile 5.4 itakuwa 4.7. Ni hatua, na bado ni 4.7. Mama aliyemnyima mtoto kila kitu kwa mwaka mzima na kuona namba hiyo hastahili kuambiwa alikuwa akimpa chipsi kwa siri.

Kinachopandisha LDL kuliko yote ni mafuta yanayoganda, kwa sababu hulifanya ini lipunguze magati, na mtoto huyu hana ya kupoteza. Samli, mafuta ya nyama, mafuta ya mgando ya kupikia, mawese, na nazi. Naijua thamani ya nazi kwa mtu wa pwani, na sitamwambia mtu aifukuze nyumbani. Samaki wa kupaka mara moja kwa wiki si sawa na wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha wa nazi kila siku. Chupa ya mafuta ya mimea ikiandikwa "haina kolesteroli" haijakupa zawadi, kwani hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuzungumzia. Tazama kama yanaganda kwenye baridi. Alizeti, karanga na mahindi ni bora. Maharage, kunde, choroko, ugali wa dona, bamia, machungwa, dagaa na samaki vina nafasi yao ya mbele mezani. Sufuria iwe moja kwa wote. Mtoto akitengewa sahani yake ya "mgonjwa" huku wenzake wanakula pilau, utamfundisha kula kwa kujificha.

Na mtoto chini ya miaka miwili aachwe kabisa na habari za kupunguza mafuta. Maziwa ya mama yana kolesteroli nyingi, na yamewekwa hivyo kwa ajili ya ubongo unaokua.

Halafu inakuja dawa, ambayo wazazi huikimbia. Dawa kuu ni statini. Asili yake ni ukungu aliouchunguza Mjapani Akira Endo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na imekuwa ikinywewa na binadamu kwa mamilioni tangu 1987. Huzuia ini kujitengenezea kolesteroli, na ini likiona limepungukiwa hujenga magati zaidi kutoka kwenye ile nakala moja nzima. Ndiyo sababu inamfaa mtoto mwenye nakala moja mbovu, na haimtoshi mwenye mbili, ambaye hana nakala nzima ya kujengea na huhitaji dawa nyingine au mashine ya kuchuja damu. Kwa kawaida huanzishwa mtoto akiwa na miaka minane hadi kumi, kwa dozi ndogo, shabaha ikiwa LDL chini ya 3.5.

Swali la haki ni hili: je, ni salama kumpa mtoto dawa ya kila siku? Uholanzi walifuatilia watoto 214 wenye kolesteroli ya ukoo walioanza statini wakiwa na miaka kati ya 8 na 18. Miaka 20 baadaye, kwa matokeo yaliyotoka 2019, waliopata shambulio la moyo au balaa jingine la mishipa kabla ya kufika miaka 39 walikuwa asilimia 1. Kwa wazazi wao wenye jeni ileile, ambao dawa iliwakuta ukubwani, walikuwa asilimia 26. Watoto walikua, walibalehe, walisoma kama wengine. Mimi nikiwa na hofu mbili, ya kidonge na ya kumzika mtu wa miaka 39, najua ipi kubwa.

Yapo ya kuangalia, na uyaangalie kweli. Daktari atapima ini mwanzoni na baadaye. Mtoto akilalamika misuli inauma bila sababu, au mkojo ukawa kama chai ya rangi, rudi mara moja. Balungi na baadhi ya statini havipatani, kwa hiyo uliza. Binti akifikia umri wa kuolewa aelezwe mapema kwamba dawa husimamishwa kabla ya kushika mimba kwa ushauri wa daktari, asije akashtuka wala akaificha. Usimkatie mtoto nusu ya kidonge cha babu yake. Na vile vitunguu saumu vya kusagwa na maji ya ndimu vinavyouzwa kama dawa ya kuyeyusha mafuta, mtoto anywe akipenda ladha, lakini visichukue nafasi ya kidonge, kwa sababu ukuta wa ateri hautakuambia umechelewa.

Sigara haijadiliwi, wala shisha. Kwa mtu mwenye jeni hii, moshi ni kuongeza mkaa kwenye jiko linalowaka, na baba anayevuta sebuleni anamvutisha mtoto moshi.

Mtoto naye ana haki ya kuambiwa, kwa lugha yake. Wa miaka tisa anaelewa bandari vizuri kuliko sisi. Mwambie ini lake lina magati machache, kidonge kinajenga mengine, na hakuna alichokosea. Usimtishe kwa kifo cha baba yake. Mpeleke uwanjani, acheze, apigwe jua.

Yule mama wa kwenye benchi ana watoto wengine wawili ambao hawajapimwa. Wapelekwe. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kwenu yuko aliyeanguka ghafla kabla ya kufika hamsini na tano, mpigie shangazi simu leo, kabla hajalala, mwamkie, kaa na daftari, na wiki hii umpeleke mtoto akapimwe mafuta kwenye damu.